Hamira Huchaguaje Sukari ya Kula?

Ukikanda unga wa ngano asubuhi ya mwezi Juni, iwe Uyole au Makete, donge huchelewa kuumuka. Wapika mandazi wote wanajua kuwa baridi inachangia. Lakini kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho: hamira ni viumbe hai vya seli moja moja, na kila seli huchagua sukari ya kuanza nayo.

Kwenye donge mna glukosi na fruktosi kidogo. Mna pia maltosi, inayopatikana vimeng'enya vya unga (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vinapovunja wanga, sukari ileile inayokipa kimea cha ulezi utamu wake. Hamira humaliza glukosi kwanza. Kabla ya kuigeukia maltosi, hupunguza kasi kwa muda, maana hapo ndipo inapoanza kutengeneza protini za kuipokea na kuivunja.

Hamira ina jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, zipatazo 6,000 kwenye kromosomu (nyuzi za DNA) 16. Mwaka 1996 ilikuwa ya kwanza kusomwa DNA yake yote miongoni mwa viumbe wenye kiini ndani ya seli. Kuzitumia jeni zote kwa wakati mmoja kungeimaliza nguvu. Ndiyo maana ina vidhibiti vya unukuzi (unukuzi ni kunakili jeni ili itumike), protini zinazotambua mfuatano mfupi wa DNA karibu na mwanzo wa jeni, zikajishikiza hapo, kisha zikaruhusu jeni hiyo inakiliwe au zikaizuia. Hamira inavyo takriban 200.

Kimojawapo ni Mig1. Glukosi ikiwa nyingi, Mig1 hukaa ndani ya kiini na kuzifunga jeni za maltosi. Glukosi ikipungua, kimeng'enya Snf1 huibandika Mig1 fosfeti, alama ndogo ya kikemia, nayo hutolewa nje ya kiini, jeni zikafunguka. Binadamu tuna ndugu wa Snf1, aitwaye AMPK, anayepima akiba ya nguvu ndani ya seli zetu. Metformini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanameza kila siku, huamsha AMPK. Kwa hiyo anayechunguza hamira hachunguzi mkate peke yake.

Sasa tazama galaktosi, mojawapo ya sukari mbili zinazounda sukari ya maziwa. Jeni za kuitumia huwashwa na kidhibiti Gal4, ambayo kwa kawaida imebanwa na protini nyingine, Gal80. Galaktosi ikiingia, protini ya tatu, Gal3, huishika Gal80 na kuiachilia Gal4, na unukuzi hupanda hadi takriban mara 1,000. Glukosi ikiwapo, hayo hayatokei: Mig1 huzifunga jeni hizo, na huifunga pia jeni ya Gal4 yenyewe. Kidhibiti kinamdhibiti mwenzake. Hapo ndipo tunaposema ni mtandao, na mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichora ramani ya mahali vidhibiti zaidi ya 100 vya hamira vinaposhika kwenye DNA. Kwa maoni yangu, ramani ile ilibadilisha namna tunavyouliza maswali: badala ya kufuata jeni moja, tunafuata makundi yanayowashwa pamoja.

Joto nalo lina vidhibiti vyake. Likipanda ghafla, Hsf1, Msn2 na Msn4 huwasha jeni nyingi za kuilinda seli, zikiwemo za protini zinazozuia nyingine zisiharibike umbo. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Kwa hiyo wakati wa baridi loweka hamira kwenye maji ya vuguvugu; maji yanayounguza kidole huziua seli kabla kinga hiyo haijatengenezwa.