Paka ana saratani: tumtibu, au tumpumzishe?

Bibi mmoja wa Ujiji, hapa Kigoma, alinijia mimi daktari wa wanyama na paka wake ndani ya kikapu cha ukindu, kamfunika kanga. Paka jike wa miaka kumi na mmoja, ana uvimbe kwenye safu ya matiti, mkubwa kuliko limau, na umeshapasuka. Jirani alimwambia kumpeleka paka kwa daktari ni kutupa hela. Mwanawe aliye Dar es Salaam akampigia simu kwamba siku hizi paka hupewa dawa za saratani kama binadamu, asikate tamaa. Bibi alitaka kujua amsikilize nani. Tulikaa naye saa nzima, na mengi ya maswali hapa chini ni yake. Mengine nimeulizwa Mwanga, Gungu na Kibirizi, huko ambako paka ndiye mlinzi wa magunia ya dagaa.

Hivi kweli paka hupata saratani? Mbona zamani hatukusikia?

Hupata, na zamani walipata vilevile. Ila paka akikonda na kujificha uvunguni mpaka akafa, tulisema kala sumu ya panya, basi yakaisha. Zinazowapata sana ni saratani ya matiti kwa majike, limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili, ambayo mara nyingi hukaa kwenye utumbo, saratani ya mdomo, na ile ya ngozi ya masikio na pua. Hiyo ya ngozi huwafuata hasa paka weupe, kwa sababu ya jua. Ukiona ncha ya sikio la paka mweupe ina kigaga kisichopona wiki hata wiki, usiseme kachubuliwa na mwenzake.

Saratani ya paka haimwambukizi mtu. Watoto waendelee kumshika. Kuna virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya paka ambavyo hupita kwa mate, paka wanapolambana au kung'atana, na vinaweza kuleta limfoma. Hivyo navyo ni vya paka kwa paka tu.

Kila uvimbe ni saratani?

Hapana. Dume aliyepigana usiku hupata jipu: hutokea ndani ya siku mbili tatu, lina joto, linauma, likitumbuliwa hutoa usaha, na akitibiwa hupona. Kibonge kigumu kinachokua polepole bila maumivu ndicho cha kuogopwa. Kwenye matiti ya paka, katika vibonge kumi, vinane au tisa huwa ni saratani.

Kwa macho peke yake daktari hubahatisha. Huvutwa chembe kwa sindano nyembamba, au hukatwa kipande kidogo kikawekwa kwenye formalini, dawa ya kukizuia kisioze, na kupelekwa maabara. Mwulize daktari wako kuhusu maabara ya TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) iliyopo Tabora, au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kipande kinasafiri vizuri kwenye chupa. Paka mwenyewe abaki nyumbani. Na nakusihi, usimpe prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya dukani, kabla ya kipimo. Limfoma hunywea kwa muda, kipimo kinakosa cha kuona, na dawa za baadaye zinapungua nguvu.

Nikishajua ni saratani, nitajuaje kama kumtibu kuna maana?

Acha kwanza swali la "atapona au hatapona". Uliza: ni aina gani, imefika wapi, na siku atakazoongezewa zitakuwa siku za namna gani?

Sikio la paka mweupe likiwahiwa, tunakata ncha yenye ugonjwa na mara nyingi hadithi inaishia hapo. Atakuwa na masikio mafupi, atashinda kivulini, ataishi. Hapa sisiti kusema tibu.

Titi linategemea ukubwa. Uvimbe usiofika sentimita 2 ukitolewa pamoja na safu nzima ya matiti ya upande ule, wengi hupita miaka mitatu. Ukizidi sentimita 3, wengi hawamalizi mwaka hata baada ya upasuaji, kwa kuwa mbegu zake zimeshakwenda kwenye tezi na mapafu. Ndiyo maana nataka kila mwenye paka jike amlaze chali mara moja kwa mwezi na kumpapasa tumbo lote, kuanzia kwapani hadi kwenye mapaja. Na ndiyo maana nasema afungwe kizazi kabla hajatimiza miezi sita: hatari ya saratani ya matiti hushuka kwa takriban asilimia 90. Wapo wanaomchoma paka sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu ili asizae. Tafadhali acheni. Homoni ile huongeza uvimbe wa matiti.

Limfoma ya utumbo ina sura mbili. Ile ya seli ndogo huenda taratibu, hutibiwa nyumbani kwa vidonge vya prednisoloni na klorambusili, dawa ya saratani, na paka wengi huishi miaka miwili au zaidi. Ile ya seli kubwa ni kali. Hutaka sindano za mara kwa mara kwa miezi, na wengi hupata miezi michache, wachache ndio hufika mwaka.

Saratani ya mdomo, chini ya ulimi au kwenye taya, ndiyo inayonivunja moyo. Wengi hufika tayari hawawezi kutafuna, na wengi hawafikishi miezi mitatu. Kwa huyo sikushauri kuuza mbuzi ili umsafirishe zaidi ya kilomita 1,000 kwa treni hadi Morogoro.

Dawa za saratani hazitamtesa kama zinavyowatesa watu?

Kwa kawaida si kwa kiwango kile. Dozi ya mnyama hupangwa ili aishi vizuri, haipangwi ili kung'oa ugonjwa kwa gharama yoyote. Wengine hutapika au hukataa chakula siku moja mbili. Manyoya hubaki, masharubu ndiyo huweza kudondoka. Anayemhudumia avae glavu anaposhika vidonge na kinyesi chake, na mjamzito asishike kabisa.

Shida iko kwingine. Paka aliyezoea kushinda juu ya bati sasa afungiwe, afunguliwe mdomo kila asubuhi, apakatwe kwenye pikipiki hadi kwa daktari. Kuna paka anayevumilia, na kuna ambaye kila kidonge ni vita. Wewe unamjua wako kuliko mimi, na hilo liwe sehemu ya uamuzi, usione aibu kulisema.

Sina uwezo wa hayo yote. Je, nimemtupa paka wangu?

Hujamtupa. Bibi wa Ujiji aliniuliza hivyohivyo huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilimweleza kwamba paka wake alikuwa akipumua kwa shida, na kisu kisingemsaidia. Tulichofanya ni kusafisha kidonda, kumpa dawa ya maumivu ya paka iliyopimwa kwa uzito wake, na kumtafutia pembe yenye joto mbali na mbuzi. Chakula kikawa mgebuka wa kuchemsha bila chumvi, umetolewa miiba, apewe ukiwa vuguvugu ili harufu imvute. Hayo ni matibabu. Hayafukuzi ugonjwa, lakini hayamwachi mgonjwa.

Kumtupa ni kumwacha na maumivu. Ila maumivu hayo usiyatibu kwa dawa za kabatini. Panadol, au parasetamoli kwa jina lolote, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Damu hushindwa kubeba hewa, fizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, uso huvimba. Diklofenaki na ibuprofeni nazo usiguse.

Nitajuaje kwamba anaumia? Paka wangu halii.

Paka huficha. Ataacha kujilamba, manyoya yasimame kama nyasi kavu. Atakaa amejikunja, macho nusu, hatapanda tena mahali alipopapenda. Hata kukoroma kwa raha si ushahidi, kwani paka mwenye maumivu naye hukoroma. Na asipokula siku mbili tatu ini lake huanza kuharibika, kwa hiyo usimsubirie wiki.

Daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitengeneza kipimo cha mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 hali inavumilika. Mimi huwaambia watu watumie kalenda ya ukutani: jioni weka duara kwa siku njema, msalaba kwa siku mbaya. Misalaba mitatu ikifuatana, nipigie.

Sindano ya kumpumzisha si dhambi?

Mimi si shehe wala padri. Mwulize wako, umweleze hali ya mnyama bila kupunguza. Langu ni kukueleza kinachotokea. Kwanza hupewa dawa ya usingizi, alale kabisa mapajani kwako. Kisha huingizwa dawa ya nusukaputi kupita kiasi, moyo husimama ndani ya dakika chache, hasikii. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na gunia, sumu au kumtupa ziwani ni mateso.

Bibi wa Ujiji alipiga simu siku ya kumi na tisa tangu tuonane. Kalendani kulikuwa na misalaba minne. Nilikwenda baada ya alasiri, tukamlaza kwenye mkeka barazani, alipozoea.

Shikamoo daktari. Nimegusa kibonge kama punje ya mahindi kwenye titi la paka wangu wa miaka mitano. Anakula, anakamata panya. Nisubiri nione?

Marahaba. Usisubiri, mwanangu. Huo ndio ukubwa ninaoomba wote waje nao. Mlete kesho asubuhi. Asile kuanzia usiku, maji mwachie mpaka alfajiri. Mweke kwenye kikapu chenye kifuniko ukifunge kwa kamba, maana akisikia pikipiki ataruka, na tukimkosa hapo Mwanga hatutampata tena.