Jinsi homoni zinavyoigeuza seli changa kuwa seli ya mafuta

Seli ya mafuta haianzi na mafuta. Huanza kama seli shina ambayo ingeweza pia kuwa ya mfupa, ya gegedu au ya msuli. Kichocheo cha ukuaji BMP4 huisukuma upande wa mafuta. Ujumbe wa Wnt, kundi la protini ambazo seli hutumia kuwasiliana, huizuia na kuivutia kwenye mfupa.

Hatua inayofuata huonekana wazi maabarani, kwenye seli za panya ziitwazo 3T3-L1. Huachwa zikue hadi zienee sahani nzima, zikae siku mbili zaidi, ndipo zitiwe vitu vitatu pamoja: insulini mikrogramu 10 kwa kila mililita, deksamethasoni maikromola 1, dawa ya steroidi ambayo hufanya kazi kama kotisoli (homoni ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo), na kemikali iitwayo IBMX milimola 0.5. Baada ya saa 48 hubaki insulini peke yake kwa siku mbili. Kufikia siku ya 8 au ya 10, seli zilizokuwa nyembamba na ndefu zimekuwa mviringo, zimejaa matone yanayong'aa chini ya hadubini. Jaribio hili huharibika mapema kuliko wengi wanavyodhani: seli zikiachwa zisongamane wakati wa kuzaliana, hupoteza uwezo wa kugeuka.

Ndani ya seli, deksamethasoni na IBMX huamsha C/EBPβ na C/EBPδ, protini zinazowasha jeni, nazo huamsha protini nyingine mbili za aina hiyo, PPARγ na C/EBPα. Hizi mbili za mwisho huamshana zenyewe kwa zenyewe, na hilo ndilo jambo kubwa: homoni zikiondolewa, seli hairudi ilikotoka. Insulini nayo huhitajika kwa wingi kwa sababu seli changa ina vipokezi vichache vya insulini, hivyo insulini hupitia zaidi kipokezi cha IGF-1, homoni ya ukuaji inayofanana na insulini.

Mwilini, kotisoli ikizidi kwa muda mrefu, au dawa za steroidi zikitumika kwa miezi, mafuta huongezeka tumboni, usoni na shingoni, na uboho huelekea kutoa seli za mafuta badala ya za mfupa. Hata hivyo usiache steroidi ghafla. Tezi za adrenali huhitaji muda kuamka, na daktari ndiye hupunguza dozi kidogo kidogo.

Anayejidunga insulini pahali pamoja kila siku hupata uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi. Insulini ikidungwa humo hufyonzwa bila mpangilio na sukari huyumba. Sogeza sindano angalau sentimita 1 kila mara, na upapase ngozi kwanza.