Kwa nini mbwa aliyesagika unyayo hukatwa mguu mzima?

Mbwa amegongwa na bodaboda, unyayo wa mbele umesagika. Mwenye mbwa anakwenda kwa daktari wa mifugo akidhani kitaondolewa kipande cha chini tu, anaambiwa mguu wote utatolewa, kuanzia begani. Wengi husikia uchungu hapo, wakaona ni ukatili. Kwa kweli ni huruma.

Mtu akikatwa chini ya goti huachiwa kigutu ili kije kuvishwa mguu wa bandia. Mbwa ukimwachia kigutu atakitumia: atakikanyagia akiinuka, atakiegemea akila, atakiburuza kwenye saruji. Ngozi ya pale haina ule ugumu wa unyayo, hivyo huchubuka na kuwa kidonda kisichofunga. Miguu ya bandia ya mbwa ipo, na wako wanaokatwa chini kwa ajili hiyo, lakini hudai vipimo, marekebisho ya kila mara na fedha nyingi.

Halafu kuna jambo ambalo mimi hunishangaza kila nikilifikiria. Mguu wa mbele wa mbwa haukuungwa na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mfupa. Sisi tuna mtulinga, mfupa wa juu ya kifua unaolishikilia bega. Mbwa hana mtulinga wa kufanya kazi hiyo, kombe lake la bega limebebwa na misuli peke yake. Ndiyo maana daktari anaweza kuutoa mguu pamoja na kombe lake bila kushika msumeno. Mnyama akiwa kwenye nusukaputi, hufunga mishipa mikubwa ya damu, hutia ganzi kwenye neva kabla ya kuzikata, kisha huachanisha misuli. Kombe likibakizwa, nyama inayolizunguka husinyaa na mfupa ukatokeza chini ya ngozi.

Wa nyuma ni habari nyingine, kwa kuwa nyonga ni kiungo halisi cha mfupa. Mara nyingi hukatwa juu katika paja, nyama ikaachwa iufunike mfupa kama mto, au hutolewa kwenye nyonga yenyewe.

Je, atatembea? Mbwa akisimama, takriban asilimia 60 ya uzito wake huwa miguu ya mbele, kwa hiyo kupoteza wa mbele ni kugumu kuliko kupoteza wa nyuma. Hata hivyo wengi husimama ndani ya siku moja au mbili. Mguu wa mbele uliobaki husogea kuelekea katikati ya kifua, na kichwa huinuka na kushuka kwa kila hatua, kikimsaidia kujirusha mbele.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Wiki za mwanzo asipande ngazi wala kurukaruka, na kama nyumba ina vigae, tandika mikeka mahali anapopita, maana kuteleza ndiko kunakomvunja moyo. Maumivu yapo, mengine hutokea kwenye neva zilizokatwa, na daktari ndiye wa kutoa dawa. Tafadhali usimpe dawa yako. Paracetamol huua paka hata kwa kiasi kidogo, na ibuprofen huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Kwa mbwa wakubwa kama Rottweiler, chanzo huenda ni saratani ya mfupa. Hapo kukata huondoa maumivu, lakini mara nyingi ugonjwa umeshapenya hadi mapafuni kabla haujaonekana, na bila tiba nyingine wengi huishi miezi michache tu. Mwenye mbwa ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya upasuaji.

Na kabla ya kukubali, mwombe daktari aikague vizuri miguu mitatu itakayobaki. Nyonga mbovu au goti lililochakaa litabeba mzigo mkubwa zaidi kuanzia siku hiyo, na mbwa mnene atahitaji kupunguziwa chakula.