Mtaa wa nyumba chache hauhitaji bustani tatu

Mi ni mpangaji miji, na kazi zinazonitoa jasho sio zile za katikati ya mji, ni hizi mitaa ya pembezoni, nyumba zimeachana, kila moja na ua wake na geti lake. Wakazi wakikuita ombi ni lile lile, tuongezee bustani. Siku hizi mi nawaambia tupunguze, na hapo ndo kikao kinachafuka.

Piga hesabu. Mtu wa kawaida dakika 5 za kutembea haoni shida, hiyo ni kama mita 400. Chora duara lake kwenye ramani unapata hekta 50 hivi, nyumba 10 kwa hekta ni nyumba 500, kila moja watu 3, jumla watu 1,500, sasa toa walio kazini, toa walio shule, toa wale ambao ua wao unawatosha kabisa, halafu hao waliobaki uwagawe bustani 3. Utakuta mtu mmoja na mbwa. Na hapo tumehesabu kama vile watu wanapita juu ya kuta! Mitaa hii imejaa barabara zisizotokea kokote, jirani wa nyuma unamsikia akikohoa ila kumfikia lazima uzunguke robo saa. Ndo maana kabla sijaweka benchi hata moja natafuta kwanza pa kutoboa kichochoro, kiwe kama mita 3 upana, kina taa, na ukisimama mwanzo uone mwisho, la sivyo usiku hapiti mtu.

Kuna mtaa unaitwa Radburn, New Jersey, Marekani, ulianzishwa 1929, wabunifu Clarence Stein na Henry Wright. Nyumba zikaelekezwa kwenye bustani ya pamoja, magari yakapelekwa upande wa pili. Wazo zuri tu, ila watoto wengi wakawa wanacheza huko huko kwenye magari, maana ndo kwenye watu wanaingia na kutoka. Waholanzi wao 1976 wakaiwekea kabisa sheria mitaa ambayo gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, barabara yenyewe ikawa ndo uwanja.

Kwa hiyo nikitafuta pa watu kukutania mi huwa naanzia kwenye kona. Kona za mitaa hii zimepindwa kwa duara kubwa mno, gari linakata bila kugusa breki. Ibane hiyo kona, dereva atapunguza mwendo atake asitake, na wewe unabaki na kipande cha ardhi ambacho hakikuwepo, pale pale watu wanapopishana.

Kuna kazi moja nilishinda na daftari toka asubuhi mpaka jioni natazama benchi jipya lililowekwa katikati ya nyasi. Alikuja mtu mmoja tu, akapandisha mguu akafunga kamba ya kiatu, akaenda zake. Mita 60 kutoka hapo, kituo cha basi, kuna kijiukuta kifupi usawa wa goti chini ya mti, hapo hapakukauka watu siku nzima. Nikapendekeza benchi lihamie pale, mgongo kwenye ukuta, uso barabarani. Likahamishwa. Nilivyorudi kuangalia, watu bado wamekaa kwenye kijiukuta, ila mikoba wameiweka kwenye benchi.