Kwa nini filamu nzima iwe bluu tupu?

Dakika 79, na kwenye skrini hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna chochote ila bluu. Ukiiweka nyumbani, atakayeingia sebuleni atauliza kama kifurushi cha king'amuzi kimeisha.

Inaitwa Blue, ya mwaka 1993, na Mwingereza aliyeitengeneza, Derek Jarman, picha alizijua hasa. Alisomea uchoraji Slade, chuo cha sanaa cha London, akabuni mandhari za filamu za wengine, kisha akaingia mitaani na kamera ndogo ya Super 8 kutengeneza zake, bila studio kubwa nyuma yake. Sebastiane (1976) inazungumzwa Kilatini mwanzo hadi mwisho! Pesa za filamu yake nyingine, Caravaggio, alizihangaikia miaka kama saba.

Sasa mtu huyo aiache picha kwa nini?

Macho yalikuwa yanazimika. Desemba 1986 aliambiwa ana virusi vya Ukimwi. Hakuficha, kama ambavyo hakuwahi kuficha kwamba anapenda wanaume, na hiyo ni Uingereza ambayo mwaka 1988 ilipitisha sheria ya kuzikataza halmashauri "kuhamasisha" mapenzi ya jinsia moja. Kinga iliposhuka, maambukizi yakala retina.

Ila upofu peke yake hautoshi kuwa jibu. Filamu ya bluu kwa heshima ya Yves Klein alikuwa akiiwaza hata kabla macho hayajaharibika. Klein, mchoraji Mfaransa aliyefariki 1962, alichanganya unga wa bluu na gundi isiyoufifisha, ukabaki uking'aa kama ulivyokuwa mkavu. Ugonjwa ulipofika, bluu ilikuwa tayari inasubiri.

Na nadhani kuna ukaidi pia. Angeweza kuonyesha kitanda, dripu, mwili uliokonda, picha ambazo mtazamaji huzihurumia kidogo kisha akabadilisha chaneli. Jarman alizifuta zote, akabakiza muziki na sauti: yake, na za waigizaji Tilda Swinton, Nigel Terry na John Quentin. Unasikia habari za matone ya macho, za kusubiri kliniki, na majina ya marafiki waliokufa. Huna sura ya mgonjwa ya kuikodolea macho.

Jarman alifariki Februari 1994, akiwa na miaka 52. Miezi michache kabla, televisheni ya Channel 4 iliionyesha Blue huku BBC Radio 3 ikirusha sauti yake wakati uleule. Asiyeona, akiwa na redio yake tu, hakupitwa na mengi.