Kwa nini moyo wa mbwa mwenye afya hupiga bila mpangilio?

Jirani yangu hapa Malindi alimpeleka mbwa wake kuchanjwa kichaa cha mbwa. Mnyama kajilaza mezani, katulia. Jirani akamwekea kiganja kifuani, mara akashtuka: du-du-du, kimya, du… du, kisha mbio tena.

"Daktari, moyo wake unarukaruka!"

"Mama, tazama mbavu zake."

Mbavu zikipanda, mapigo yanaharakisha, zikishuka, yanapungua. Kuna neva ndefu itokayo ubongoni hadi moyoni, kazi yake kuupunguzia moyo kasi kama breki. Mbwa akivuta pumzi, breki inalegea, akiitoa, inakaza. Hata sisi binadamu tunayo hali hiyo, hasa vijana, ila kwa mbwa aliyetulia hujitokeza wazi zaidi, na kwa wale wenye pua bapa huzidi.

Basi mdundo huo ni dalili ya utulivu. Akikimbia ufukweni, mapigo hupanda na kulingana. Ninayemhofia mimi ni mbwa anayekohoa, amelala, na bado moyo unakwenda mbio bila kufuata pumzi. Huyo apelekwe mapema.

Moyo wa mbwa mwenye umbo kubwa aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 hivi kwa dakika. Wa mbwa mwenye umbo dogo unaweza kufika 140. Ukihesabu nyumbani, weka kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto, uhesabu kwa sekunde 30 na uzidishe kwa 2. Sekunde chache zitakudanganya, kwa sababu huenda ukaangukia kwenye mbio tupu.

Kukiwa na shaka, daktari hutumia mashine ya kuchora umeme wa moyo. Mwaka 1909, huko London, mtafiti wa moyo Augustus Waller aliwaonyesha watu mbwa wake Jimmy akichorwa moyo huku amesimama, miguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Leo hubanwa vibanio miguuni. Kwenye mchoro, daktari hutafuta kilima kidogo kabla ya kila mlima mrefu. Kikiwepo, na nafasi zikifuata pumzi, hana wasiwasi. Vilima vikitoweka na nafasi zikawa ovyo, huo ni ugonjwa.

Siku ile mashine haikuhitajika. Daktari alishika vidole vya jirani, akavikandamiza taratibu ndani ya paja la mbwa, kiganja cha pili kikiwa bado kifuani. Kila moyo ulipopiga, mshipa wa pajani uliitikia. Hakuna pigo lililopotea njiani.