Unataka kujitolea chekechea? Anzia kwenye mkeka na sufuria ya uji

Katika vituo vingi vya watoto wadogo kwenye mitaa ya kipato cha chini, iwe Pasua na Njoro mjini Moshi au Unga Limited na Ngarenaro kule Arusha, tatizo ni lilelile: watoto wengi, mwalimu mmoja. Kiwango cha serikali kwa elimu ya awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na hao peke yao ni kazi ya kutosha. Wakizidi, mwalimu hubaki kuwapanga mistari na kuwaimbisha a, e, i, o, u hadi mama atoke sokoni kuwachukua. Kwa hiyo anayekuja kujitolea asiwaze kusimama ubaoni. Anahitajika mtu wa kukaa chini na watoto sita au saba, ili mwalimu abaki na kundi analolimudu.

Kabla ya kuanza, uliza usajili. Shule ya awali husajiliwa na mamlaka za elimu. Kituo cha kulelea watoto mchana kiko chini ya Ustawi wa Jamii. Omba kuona cheti, hakuna ubaya. Nawe nenda na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako, nakala ya kitambulisho cha NIDA na majina ya wadhamini wawili. Kituo kisichotaka kujua wewe ni nani hakimuulizi mwingine yeyote, na hilo pekee litoshe kukutia shaka. Mgeni kutoka nje ya nchi ahakikishe kwanza vibali vyake Uhamiaji, maana viza ya utalii haimruhusu kufanya kazi hii, hata kama halipwi.

Kuhusu muda, siku mbili za kila wiki kwa miezi mitatu zina faida kuliko wiki mbili mfululizo za kuja kila siku. Mtoto wa miaka mitatu humzoea mtu kwa kumwona siku zilezile, saa ileile, akifanya mambo yaleyale. Anayebebwa na mgeni mpya kila baada ya wiki, kisha mgeni akatoweka, anaweza kuanza kumrukia na kumkumbatia kila aingiaye getini. Wengi hufurahia wakidhani ni upendo. Mara nyingi ni mtoto ambaye hajapata mtu mzima wa kumtegemea.

Sasa kazi yenyewe. Tandika mkeka pembeni, mbali na mlango, watoto wakae nusu duara ili kila mmoja akuone uso. Simulia hadithi fupi ya Sungura na Fisi kwa dakika 10, zisizidi 15. Simulia kwa Kiswahili hata kama mzazi anapenda mtoto ajue Kiingereza mapema, kwa sababu wapo wanaotoka nyumbani na Kimeru, Kimaasai au Kichaga, na Kiswahili ndiyo kwanza wanakijenga. Kosa linaloonekana kila mahali ni maswali ya kuitikia kwa pamoja: "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Hapo hakuna aliyefikiri. Badala yake uliza: "Fisi angefanya nini ili asinaswe?" Kisha nyamaza, uhesabu moyoni hadi tano. Ukimya huo ni mgumu kwa mtu mzima, ila ndani yake ndimo mtoto mwoga hupata nafasi ya kutafuta maneno. Akijibu "angekimbia", mrudishie sentensi nzima: "Ndiyo, Fisi angekimbia porini." Usimwambie amekosea kusema. Hadithi hiyohiyo irudie wiki nzima. Wewe utachoka, wao hawatachoka, na siku ya nne utawasikia wakiisimulia wenyewe.

Hesabu nazo zina mtego wake. Mtoto anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kujua nne ni ngapi. Mwaga vizibo vya soda mkekani, useme: "Niletee vinne." Akileta gao zima, hesabuni pamoja huku akigusa kimoja kimoja, kisha mrudie kwa viwili. Vizibo viwe vimeoshwa na kingo zake kali zimegongwa zikalala. Kwa walio chini ya miaka mitatu usivitumie kabisa: kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu zisiletwe hata kwa wa miaka minne, na hapo ndipo zawadi za wageni huwa hatari.

Usimlazimishe wa miaka mitatu kushika penseli. Vidole vyake bado havina nguvu hiyo. Mpe udongo wa mfinyanzi, vibanio vya nguo, karatasi ya kuchana. Mwandiko utakuja.

Saa nne ni uji, na jikoni msaada unahitajika kuliko darasani. Kilo 1 ya unga kwa lita 8 hadi 9 za maji hutoa vikombe kama 30 vya robo lita. Ukiongeza maji ili uwatoshe wote, umewajaza tumbo bila kuwapa chakula. Mtoto huyu huenda hajala kitu tangu jana jioni, basi ni afadhali kikombe kidogo cha uji mzito. Unga uliochanganywa na karanga usinunuliwe wa kukaa muda mrefu, kwani mafuta ya karanga huchacha, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Chambua karanga, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kaanga, saga kiasi kidogo na utie kwenye uji siku hiyohiyo.

Maji nayo yana habari ndefu upande wa Arusha. Visima na vijito vingi kuzunguka Mlima Meru, hasa Arumeru, vina madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kudumu ya mtoto hutengenezwa chini ya fizi hadi karibu miaka minane, kwa hiyo ule ukahawia wa floraidi unaouona kwenye meno ya mtu mzima uliingia utotoni. Ikizidi sana hupindisha na mifupa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki na kukolea. Kituo kitumie maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au chujio la mkaa wa mifupa linalobadilishwa mkaa kwa wakati, maana ukishashiba hauchuji tena. Na magadi yasitiwe kwenye makande wala maharage ya watoto, hata Moshi, kwani nayo hubeba floraidi.

Kwa usalama, kanuni ni chache na hazina msamaha. Usikae na mtoto peke yako mahali pasipoonekana. Ukimpeleka chooni, mwalimu ajue na mlango usifungwe. Mtoto asitoke na mtu asiyeandikwa kwenye daftari la wanaomchukua, hata akimwita mjomba. Dawa usitoe, mzazi aitwe. Picha usipige bila idhini ya mzazi na kituo. Mtoto akikueleza jambo la kuumizwa, msikilize bila kumhoji, andika maneno yake kama alivyoyatamka, umpelekee mkuu wa kituo na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Kama anayetajwa ni wa kituoni, nenda moja kwa moja ustawi au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, ambayo ni bure.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, anza kuwaambia watoto: "Nitakuja Jumanne mbili, halafu nitakwenda chuoni." Wachoree kwenye karatasi, mfute moja kila mnapokutana. Mwalimu mwachie daftari: hadithi mlizofikia, nani anaweza kuleta vinne na nani bado yuko kwenye viwili, nani hukataa uji, nani husikia vizuri akikaa upande wa kulia wako. Anayekuja baada yako alisome kabla ya kuketi mkekani.